Nilivyochagua darubini ya kulengea shabaha huku Ohio

Nimekulia Dodoma, na bunduki nilizoziona utotoni zilikuwa za walinzi wa benki. Kulenga shabaha nimejifunzia huku Ohio, Marekani, na sasa ndiyo Jumamosi yangu: bunduki ya risasi ndogo, .22, karatasi ikiwa yadi 50 mbele, yaani karibu mita 46.

Ndugu kadhaa mlio huku mmeniuliza mnunue darubini gani. Nawaomba msidanganyike na namba kubwa. Yangu ya kwanza ilikuwa 6-24x50, yaani inakuza mara 6 hadi 24 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50, nikaamini inayokuza mara 24 lazima iishinde ya mara 10. Sasa piga hesabu: gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Hamsini kwa 24 unapata milimita 2 tu za mwanga wa kuingia jichoni. Kwa 10 unapata 5. Siku ya mawingu nilikuwa naona kiza. Mchana wa Julai nao, mtetemo wa hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini unakuzwa vilevile, na karatasi inacheza kama iko chini ya maji.

Kilichoniumiza zaidi ni paralaksi, yaani msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini kuonekana unahama wakati jicho tu ndilo limehama. Darubini nyingi za bunduki kubwa hupangwa kiwandani zisiwe na tatizo hilo kwenye yadi 100. Ukiileta kwenye yadi 50, jicho likihama kidogo, msalaba nao unahama juu ya shabaha, ingawa bunduki imetulia tuli. Miezi mitatu nililaumu mkono wangu bure! Mzee mmoja wa klabu ndiye aliyenifungua macho. Tulihakikisha bunduki haina risasi na boliti iko wazi, tukailaza juu ya mifuko ya mchanga, akaniambia nichungulie bila kuigusa huku nikipandisha na kushusha kichwa. Msalaba ukatembea. Kwa hiyo tafuteni yenye sehemu ya kuzungusha ili kurekebisha paralaksi, ubavuni au kwenye lenzi ya mbele, inayoshuka hadi yadi 50 au chini yake. Kwa .22, hilo mimi naliweka mbele ya kila kitu.

Vipimo navyo vilinisumbua, maana sisi ni watu wa mita. Darubini ya mili (kipimo cha pembe), kila tiki moja ya kitufe cha kurekebishia inasogeza risasi sentimita 1 kwa mita 100. Hiyo naielewa hata usingizini. Ya MOA (dakika ya pembe, yaani digrii moja ikigawanywa kwa 60), tiki ya robo MOA ni kama milimita 7 kwa yadi 100, na nusu yake kwa yadi 50. Nilichukua MOA, kwa sababu tiki yake ni ndogo zaidi, na wenzangu wote pale mezani wanaongea MOA. Mtu akiniambia "panda mbili", nataka nielewe papo hapo.

Sasa natumia 4-16x44, na mara nyingi naiacha kwenye 12.

Kiangazi hiki nataka niende Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, walikoanza kufanyia mashindano ya taifa ya kulenga shabaha mwaka 1907. Nitakwenda kutazama tu, nione wale wanaolenga wakiwa wamelala chini wanarekebishaje shabaha yao kwa upepo wa ziwa.