Friza ya mama na gigahezi tatu

Kompyuta yangu ya kwanza niliiunga mwenyewe mwisho wa 2009, na sikuifaidi. Tarehe 10 Disemba umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu ya laini ya chini ya bahari, ile itokayo Ras Kiromoni kuja Fumba, ukarudi Machi. Tulikwisha kuionja shida hiyo 2008, kiasi cha mwezi mmoja kuanzia Mei, lakini hii ya pili ilitukomesha. Sisi tukikaa Michenzani, ghorofa ya juu. Pampu zikilala, maji hupanda kwa ndoo, na ndoo hupanda kwa mabega ya vijana wa nyumba. Mama alikuwa akiuza malai na juisi ya ukwaju kwa watoto wa skuli. Friza yake ikageuka kabati la vyombo.

Mie nikabaki na karatasi. Mtoto wa ami yangu alikuwa akipiga video za harusi, na dukani kwake palikuwa na jenereta. Huko nikachapisha kila nilichokipata kuhusu kuizidishia mwendo prosesa, ile chipu inayopiga hesabu zote za kompyuta, nikawa nasoma usiku kwa taa ya chemli, kompyuta yenyewe iko kimya mbele yangu. Sidhani kama kuna mtu aliyeijua bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows, kwa kuihifadhi kama nilivyoihifadhi mie.

Prosesa ilikuwa Intel Pentium E2160, ya mtumba, niliyonunuliwa Kariakoo ya Dar es Salaam ikaja na boti. Kiwandani imewekewa mwendo wa gigahezi 1.8, na gigahezi moja ni megahezi elfu. Hesabu yake nyepesi: megahezi 200 za saa ya mazabodi, yaani mapigo ya bodi kuu inayobeba vyote, zidisha kwa 9. Hiyo 9 haipandi, imefungwa. Kinachochezewa ni 200. Ukiweka 266 unapata 2.4, ukiweka 300 unapata 2.7, na 333 inakupa gigahezi 3 kasoro chembe. Ilikuwa chipu ya mwaka 2007, ukoo mmoja na zile Core 2 za bei kubwa, ila imepunguzwa kache, ile akiba yake ndogo ya kumbukumbu, na mwendo ili iuzwe rahisi. Nguvu ya kupanda ilikuwamo ndani, na ndiyo maana wenye kipato kidogo wakiipenda. Nami nilikuwa na haja nayo ya kweli: binamu aliniahidi kazi ya kuzigeuza video za harusi kuwa DVD, na kazi hiyo inaila prosesa usiku kucha.

Umeme uliporudi, mtaa ulipiga vigelegele. Nikainuka kwenda kwenye swichi, mama akanizuia.

"Friza kwanza. Hiyo yako haijaniletea hata shilingi."

Nikangoja. Friza ilipoanza kuvuma, nikachomeka kompyuta kwenye ekstensheni hiyo hiyo, maana chumba kilikuwa na soketi moja tu. Nikaingia kwenye bayosi. Nikaifunga PCI Express, njia ya kadi za ziada, kwenye 100 isije ikapanda pamoja na mengine, nikaishusha ramu, kumbukumbu ya kazi, daraja moja isije ikazidiwa, nikaandika 266. Ikawaka bila ya kelele. Nikaandika 300, ikawaka vilevile, na volti sijazigusa. Kwa 333, Windows XP ilionesha nembo yake kisha kioo kikawa buluu, yaani imeshindwa.

Hapo ndipo volti zinapoingia. Nilizipandisha hatua moja moja, kila hatua nikiijaribu kwa Prime95, programu inayoitesa prosesa kwa hesabu nzito na kukagua majibu yake. Mara ya kwanza haikuchukua muda: ikaandika kwamba ukadiriaji umefika 0.5 na ulitakiwa uwe chini ya 0.4, ikasimama. Maana yake chipu imekosea hesabu. Nikaongeza volti kidogo, ikapita. Lakini joto lilipanda kuliko mwendo, kwa sababu umeme unaoliwa huongezeka sawasawa na mwendo, ila kwa volti huongezeka kwa mraba wake. Na Machi Unguja si mwezi wa mzaha. Kaskazi inakata, hewa imesimama, chumba chenyewe kinatoka jasho.

Hata hivyo ilisimama kwenye gigahezi 3, mpaka usiku. Usiku ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe, ghafla, bila ya kioo cha buluu. Nikashusha hadi 300, hali ile ile. Nikarudisha 200 ya kiwandani, nayo ikajizima. Karatasi zangu zote hazikuwa na jibu la hilo.

Jibu lilikuja na fundi wa mafriji, mzee mmoja aliyeitwa na mama kuongeza gesi, maana friza baada ya likizo ile haikuwa ikigandisha vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo linalovuma hapo ni nini, mashine ya kukoboa?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akaniambia niitazame taa ya dari, niache kuitazama kompyuta. Tukakaa. Kompresa ya friza ikapiga "tak", taa ikanywea, na kompyuta ikajizima hapo hapo. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshakolea, akasema, na waya ule wa ekstensheni ulikuwa mwembamba wa kutia huruma. Mchana volti za mtaa zilitosha kuvumilia. Usiku kila nyumba imewasha, hazitoshi.

Kisha akaweka kiganja nyuma ya kompyuta, akakisogeza nyuma ya friza, akakirudisha.

"Hii inavuta pumzi ya friza," akasema. "Joto la malai ya mama yako lote unalipeleka kwenye chombo chako."

Kweli. Nilikuwa nimeibana kompyuta pembeni ya friza, penye zile bomba nyeusi zinazotoa joto. Tukaihamishia ukumbini, dirishani, kwenye soketi yenye waya wake. Nikaifungua, nikapangusa dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa, ile inayolipitisha joto kwenda kwenye kipoozi cha feni, nikatia mpya kiasi cha punje ya mchele, nikabana feni kwa miguu yake minne ya plastiki, msalaba kwa msalaba, kila mmoja mpaka ulie. Joto likashuka nyuzi 9 kwa mwendo ule ule. Gigahezi 3 sasa zikapita usiku kucha bila ya doa. Lakini niliishia kuiweka 2.7, kwa volti za kiwandani. Zile megahezi 300 za mwisho zilidai joto na kelele nisizoweza kuishi nazo ukumbini penye watu.

Harusi ya kwanza niliianza baada ya isha, ikamalizika kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa 1.8 ingenipeleka mpaka saa tatu asubuhi. Mama alinikuta nimeishika DVD, akauliza binamu atanilipa kiasi gani. Nikamtajia.

"Basi umeme wa mwezi huu utaulipa wewe."

"Na wa friza pia?"

"Friza imekaa kabati miezi mitatu," akasema, akaanza kutoa malai. "Mwache mgonjwa apate nafuu."