Kimya cha feni

Jumapili, saa nne usiku, Kirumba, Mwanza.

Video ya sendofu imemalizika kurendwa, yaani laptopu kuishona iwe faili moja la kutazamwa. Dakika 42. Nilikaa kitandani nikitazama asilimia zikipanda mpaka 100 kama mtu anayemtazama mgonjwa wake akimaliza bakuli la uji.

Wiki tatu hizi laptopu yangu imenitesa. Ilianza kwa kuzimika. Wala si kule kuzimika kwa adabu, ambako Windows inakuomba usubiri kwanza. Hii ilikuwa skrini nyeusi ghafla, utadhani mtu amechomoa waya. Mara ya kwanza nilitazama taa ya chumbani: inawaka. Nikagusa soketi: chaji inaingia. Nikabonyeza, ikawaka, ikadumu dakika nne, ikafa tena.

Ningetulia siku ile ningeelewa. Dalili zote zilikuwa mezani. Ikizimika nikaiwasha papo hapo, inadumu kidogo kuliko mwanzo. Nikiiacha nusu saa nikaenda kununua vocha na kupiga soga, inadumu zaidi. Nikiandika tu, haina shida. Nikianza kurenda, haifiki robo. Na kwa betri au kwa waya, ni yale yale. Umeme unaokatika mtaani haujui tofauti kati ya kuandika barua na kurenda video. Joto ndilo linajua.

Lakini mimi nilitaka iwe umeme. Umeme ukiwa na kosa, wewe huna. Mama wa bi harusi alipopiga simu, "Mwanangu, vipi ile video yetu?", nikamwambia, "Umeme, mama, unatusumbua sana huku." Akanyamaza kidogo. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. "Unakusumbua wewe peke yako?"

Basi nikaipeleka kwa kijana mmoja mjini, akasema virusi. Akaiformati, shilingi 25,000 zikaondoka, na kabla sijatoka akaipuliza kwa blowa kupitia matundu ya pembeni, nikaona vumbi kidogo likiruka nikaridhika. Nilipofika nyumbani ilikuwa kimya. Hapa ndipo ninapojicheka. Miezi kabla ya hapo feni yake ilikuwa ikinguruma kama pikipiki inayopanda kilima cha Bugando, mpaka usiku naona aibu na jirani. Baada ya blowa, haisikiki. Nikasema imepona. Kimya kile nilikipokea kama nafuu, nikamsifu kijana wa watu kwa wenzangu wawili.

Siku mbili, ikazimika tena.

Nikahamia kwenye tiba za nyumbani. Nilikuwa na mazoea ya kufanyia kazi kitandani, na laptopu hii inavuta hewa kwa chini. Ukiilaza juu ya godoro ni sawa na kumziba mtu pua ukamwambia akimbie. Nikaokota mawe mawili bapa, nikaiinua. Mwanza mawe hayanunuliwi. Ikasaidia kweli: kutoka dakika nane za kurenda mpaka karibu ishirini. Nikawasha na feni ya mezani iielekee. Nikawa narenda vipande vya dakika tano tano, kisha naviunga. Kipande kimoja kilipotea ilipozimika katikati ya kuhifadhi, nikakirudia kwa kumbukumbu.

Usiku mmoja nikaweka programu ndogo inayosoma joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaitwa Core Temp. Nikaanza kurenda huku macho yako kwenye namba. 81. 90. 96. Hapo kazi ikapungua kasi, kwa sababu prosesa ikizidiwa hujipunguza mwendo yenyewe kwanza. 98. 99. Giza. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Hatua zote zikishindikana, mashine inajikatia umeme ili isiungue. Haiagi kwa sababu haina muda wa kuaga. Wiki zote zile nilizokuwa naitukana, ilikuwa inajiokoa.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, ana meza yake chini ya ngazi karibu na Makoroboi. "Mwangaluka," akaniamkia, nikaitikia, na kabla sijamaliza hadithi yangu ya virusi alikuwa ameshaigeuza laptopu na kuiweka sikioni kama mganga. Akaiwasha. Akasikiliza. "Feni haizunguki vizuri, mdogo wangu. Ilipulizwa hii?"

Nikakubali.

Akasema blowa kutoka nje ni kufagia uchafu ukauficha chini ya mkeka. Tena feni ikizungushwa na upepo mkali bila kushikwa, inakwenda mbio kuliko ilivyoundwa, na inaweza kuumia. Yeye huizuia kwa kijiti cha meno.

Skrubu alizipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na sehemu yake, ndefu na fupi hazichanganyiki. Kifuniko kilipotoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa betri kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Kisha akatoa feni. Kati ya feni na zile mbavu nyembamba za kupozea palikuwa na blanketi. Sina neno jingine. Kipande cha kijivu, kimeshikamana kama sufi ya mto wa zamani, kimeziba mdomo wote wa hewa. Akakibandua kwa ncha ya bisibisi, akakiweka juu ya gazeti, akakifumua. Nywele. Nyuzi za blanketi langu halisi. Na mabawa, mamia ya mabawa madogo.

"Unakaa karibu na ziwa," akasema. Hakuwa anauliza.

Chumba changu kina dirisha ambalo ukisimama kwa ubavu unaona kipande cha ziwa chenye upana wa kanga. Ndicho ninacholipia kodi, si chumba. Wavu wake ulichanika mwaka jana na sikuubadilisha. Wale vijidudu wa ziwani, wanaokulia kwenye matope ya chini kisha wakapanda juu kwa wingi kama moshi hata mgeni adhani kuna kijiji kinaungua, hawaumi mtu. Wanapenda taa tu. Asubuhi unawafagia kama pumba. Usiku, chumba kikiwa giza na mimi naediti, taa iliyobaki ni skrini. Wakija kwenye skrini, feni iko pale chini inavuta hewa. Mashine hii nimeilisha wadudu hao tangu wavu uchanike.

Juu ya prosesa, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekuwa ukoko, wa kukwangua. Akaisugua kwa pamba na spiriti mpaka chuma kikang'aa, akaweka pesti mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele. Nikashangaa uchache wake. Akaniambia kazi yake ni kujaza vinyweleo tu kati ya chuma na chuma, ukiipaka kama siagi unaharibu. Aliwahi kuletewa moja iliyopakwa dawa ya meno. Alisimulia hilo kwa sauti ya mtu aliyeona maiti. Skrubu za kile chuma cha kupozea zina namba, 1 mpaka 4, akazikaza kidogo kidogo kwa mshazari ili kisiinamie upande mmoja. Feni akaitilia tone moja la mafuta ya cherehani. Shilingi 30,000, na akakataa kunipunguzia hata mia tano, nami sikubishana sana.

Nilipoiwasha, feni ikanguruma kidogo kisha ikatulia kwenye mvumo mdogo, wa chini, unaousikia ukitega sikio. Ule mvumo nilikuwa nimeusahau.

Leo nimeshinda napigilia wavu mpya dirishani. Meza nimeisogeza mbali na godoro, mawe yangu mawili nimeyabakiza kwa heshima. Jioni nikarenda video nzima kwa mkupuo mmoja: nyuzi 74, haikuvuka hapo. Saa tatu nikamtumia mama wa bi harusi.

Amejibu sasa hivi, kwa sauti. Anashukuru, anamshukuru Mungu, anasema MC amependeza. Kisha: "Lakini mwanangu, mbona shangazi yake haonekani akicheza? Alicheza sana yule."

Kile kipande kilichopotea. Shangazi alikuwa humo.

Nimefungua upya, natafuta picha za shangazi kwenye memori kadi. Nje ya wavu wameshaanza kujaa, wanagonga kwa sauti ndogo kama manyunyu. Nyuzi 71. Feni inavuma.