Chewa akishaingia pangoni: siku yangu moja Kigombe, pwani ya Tanga

Saa 10 alfajiri. Mwanangu amelala ukumbini, uso kauelekeza ukutani. Jana usiku kaniambia shule basi, yuko kidato cha tatu, nami nikafoka hadi majirani wakazima redio wasikilize vizuri. Nabeba mishipi yangu, natoka kwa kunyata.

Saa 11. Baba mdogo keshafika pwani. Tunaisukuma ngalawa majini, umande unavuma kutoka bara, tanga linajaa. Kwa saa nzima hatusemi neno.

Saa 12 na nusu. Nanga chini, mwambani, pima kumi hivi. Wageni wakisikia Kigombe huulizia silikanti, yule samaki wa kale aliyefanya bahari yetu itangazwe hifadhi mwaka 2009. Mimi sijamtia machoni. Huyo hunaswa na majarife, zile nyavu kubwa, kwenye vina virefu. Sisi watu wa kuvua changu.

Saa 3 asubuhi. Changu wanadonoa, wanaiba ngisi wangu, wanaondoka. Mara mshipi ukavutwa kwa nguvu, kisha ukakaza tuli, kama nimenasa Tanzania nzima. Chewa, yule samaki wa mapangoni, na keshaingia pangoni mwake. Nikavuta. Nikauzungusha mkononi, nikavuta tena mpaka ukanikata kidole cha shahada.

"Mlegezee," akasema baba mdogo.

"Si atakimbia, baba?"

"Aende wapi? Hapo ndipo kwake."

Akanipokonya mshipi, akaachia kama pima mbili, akaubana kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akamimina chai! Chewa akiwa pangoni hutanua mashavu na mapezi akajikaza kwenye jiwe. Ukizidi kuvuta, naye anazidi kutanuka, na mwisho mshipi unakatwa na mwamba. Hayo nayajua tangu utotoni, lakini mkono haujui. Tukala muhogo. Tukamsema jirani aliyeuza dau lake akanunua pikipiki. Mshipi ukaanza kutembea taratibu chini ya kidole cha mzee.

"Haya, sasa!"

Tulimpandisha mbio, tusimpe nafasi ya kugeuka. Kilo nne, labda tano.

Saa 8 mchana. Jua la kaskazi halina huruma. Mnadani mchuuzi mmoja kataja bei ya kuchekesha; baba mdogo akajilaza kivulini na kofia usoni. Mchuuzi akapandisha bei mwenyewe, mara mbili. Tukatoa fungu la chombo, kinachobaki tukagawana, na kila mtu kitoweo chake.

Saa 11 jioni. Mwanangu yuko barazani, kaniona, kainama. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima nikayameza. Nimempa mama yake changu wawili, nimekaa upande wa pili wa baraza, nafungua mshipi uliovurugika leo. Kidole kinaniwasha, fundo halishikiki.

Kitambo kikapita. Akasogea, akashika ncha ya pili.

"Kidole kimefanyaje, baba?"

"Chewa," nikamwambia.