Bando la Chanika

Juzi jioni binti wa jirani alikuja kwenye duka langu la steshenari, hapa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Ukurasa ulizunguka mpaka bando la buku likakata. Tukahamia chini ya mwembe, simu juu kama tunachota mvua. Saa nne usiku ndipo fomu ilipoenda.

Nikienda Posta, katikati ya jiji, kununua karatasi, intaneti inakimbia. Nchi ileile, shilingi ileile. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika pwani ya jiji hili hili mwaka 2009!

Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni za simu huchangia, na mfuko hutoa ruzuku minara ijengwe kule ambako biashara peke yake haiwavuti. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mnara kusimama si mtandao kufanya kazi. Nataka serikali ipime kasi mtaa kwa mtaa, itangaze matokeo hadharani, na anayeuza bando lisilofunguka arudishe hela.

Binti bado anasubiri majibu. Nimemwambia aje kuangalia alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi.