Niliacha mkate kabla ya kupimwa

Ataksia yangu, ugonjwa unaovuruga mwendo na usawa wa mwili, ni ya kurithi, aina ya 6. Baba alikuwa nayo. Watu walimwita mlevi, na pombe hakuwahi kuionja. Nami nilipoanza kupepesuka nikiwa na miaka 51, kipimo cha jeni kilitoa jibu, nikadhani habari imeishia hapo.

Baadaye nikasoma kuhusu gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa baadhi ya watu huamsha kinga ya mwili hadi ikaidhuru serebela, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliieleza ataksia hiyo miaka ya 1990. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walikuta kingamwili za gliadini, sehemu ya gluteni, hata kwa wenye ataksia ya kurithi, zaidi ya theluthi ya kundi dogo walilolipima. Mwaka 2003 Sheffield walipata kiwango kisichopishana sana na cha watu wenye afya njema. Hilo la pili nililiruka. Mgonjwa husoma anachokitaka.

Usiku uleule nikaacha ngano. Baada ya miezi mitatu nikaenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu nikijisifu. Akashika kichwa: "Sasa mzee wangu, hapa nitapima nini?" Ukiacha gluteni, kingamwili hushuka. Ikabidi nirudie mkate wiki sita, kila siku, na tumbo likiunguruma.

Kingamwili za gliadini zilikutwa. Kinyama cha utumbo kilichokatwa kikaonekana kizima, kwa hiyo siliaki, ugonjwa wa utumbo kuharibiwa kwa sababu ya gluteni, haikuwepo. Tukakubaliana nijaribu mwaka mzima, nikijipima kwa kutembea mita 8 kila mwezi, mke wangu akishika saa. Ngano ya mkate ni rahisi kuiona. Iliyonisumbua ni ile iliyojificha kwenye sosi ya soya, soseji na supu za pakiti.

Mwaka ulipoisha, kingamwili zilikuwa zimeshuka, tumbo limetulia na uchovu umepungua. Mita 8? Kutoka sekunde 14 hadi 13. Sekunde moja hata viatu vipya vinaweza kuileta. Jeni iko palepale, na gizani bado nashika ukuta.

Ngano sijairudia, kwa ajili ya tumbo. Ila juzi kijana wangu, ambaye bado hajaamua kama apimwe jeni, alisukuma mkate pembeni akisema naye ameacha. Nikamrudishia sahani.

"Kula kwanza, baba. Kingamwili tutapima wiki ijayo."