Wiki ya mwisho ukweni Mwanza

Jamani wiki ya mwisho ukweni ina kazi kuliko wiki zote zilizotangulia. Tuko Bwiru tangu Juni, mi na mume wangu na mtoto, ndo mara ya kwanza nakaa kwa wakwe muda mrefu hivi maana mi kwetu Voi na tunaishi Uholanzi, kwa hiyo Mwanza nayo kwangu ni ugenini, na sasa Jumapili tunaondoka kila ndugu amekumbuka kwamba hajatuona vizuri.

Jumatatu tulikuwa Sengerema kwa shangazi yake mume wangu. Anasema zamani pale Kigongo unapanga foleni ya kivuko mpaka unakata tamaa, ila tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unapita kama kilomita tatu juu ya ziwa na dakika chache ushafika Busisi. Shangazi katupa jogoo mzima, tumerudi naye kwenye buti. Kesho yake Misungwi, halafu Igoma, na hakuna nyumba unatoka bila kula, saa tano ugali wa muhogo na sato, saa saba unawekewa tena, na huwezi kukataa.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni habari ya dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, basi wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Sasa wiki yetu ya kuondoka imeangukia mwezi mpevu. Nkamwambia mama mkwe twende Mwaloni Kirumba tutafute hao hao wachache waliopo, akacheka akanishika mkono mpaka stoo. Dagaa wamejaa! Kanunua kipindi cha giza, tena wale wa kuanikwa kwenye vichanja sio wa mchangani wenye vijiwe, kumbe tarehe ya tiketi yetu anayo kichwani tangu tulipofika, akahesabu na mwezi. Nililia palepale stoo.

Basi jana kutwa tumekaa barazani kila mtu na ungo wake tunachambua, yeye anabana kichwa kwa ukucha wa dole gumba anavuta mara moja na utumbo unatoka nacho, mi hata nusu yake sifiki. Na hapo ndo akaanza kunisimulia, alivyoolewa akitokea Magu, alivyouza dagaa hapo Kirumba miaka na miaka mpaka watoto wakasoma, na mengine ambayo yatabaki kati yetu. Wenzangu mlioolewa mbali, mkienda ukweni msijifungie chumbani na simu, ombeni ungo mkae naye.

Kilichoniuma ni samli. Kaitengeneza mwenyewe kwa ajili yetu, na Ulaya nyama na vitu vya maziwa havipiti, samaki ndo wanaruhusu hadi kilo 20 kwa mtu. Nilimweleza kwa woga asije akadhani nimeidharau, akasema, "Basi mwanangu, mtaimalizia hapa hapa," na tangu hapo wali samli, maharage samli, mpaka uji wa mtoto.

Baba mkwe sisi hatuongei sana, ndo desturi ya hapa nyumbani, mkamwana na baba mkwe mna heshima yenu. Ila jana usiku akaniita sebuleni mbele ya wote akaniuliza, "Mkamwana, huko kwenu mkienda kazini, mama atashinda na nani?" Nilivyofurahi sikujua hata nijibu nini, maana mwaka jana alikuwa hataki kabisa kusikia mama anasafiri kuja kwetu Uholanzi. Nkamwambia atashinda na mjukuu wake, na viza ni siku 90, hatamkosa sana. Barua ya mwaliko na fomu ya udhamini tutashughulikia tukifika, muhuri unagongwa manispaa kwetu kule. Ila mama hana pasipoti, kwa hiyo Jumatatu shemeji anampeleka uhamiaji.