Mama wa kwenye picha anaongea na nani?

Rafiki yangu kanitumia picha aliyoipiga mwaloni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, akasema haya, andika stori tuone. Mama kasimama katikati ya dagaa zilizoanikwa mchangani, kitenge kakikaza kiunoni, simu sikioni, na kule upande wa Kongo wingu zito limefunga milima yote haionekani. Dagaa nusu zishakusanywa kwenye turubai, nusu bado ziko chini. Basi, ndo picha nzima.

Sisi tunaopenda kuandika kutokana na picha tunajua mkono unapokimbilia. Mwanamke, ziwa, wingu, haya, mume kazama. Nimesoma stori za hivyo nyingi na nyingine zimeandikwa vizuri kabisa ila haziniingii, maana ukimtoa huyu mama ukaweka mwingine yeyote kwenye ufukwe wowote stori inabaki ileile, sasa picha ilikuwa ya nini? Mie naamini stori ya picha inashika pale kitu kidogo kilichomo humohumo kinapolazimisha jambo litokee. Na hapa kitu chenyewe ni simu. Mvua inakuja, dagaa zikilowa bei inaanguka mpaka zinaishia chakula cha kuku, mtu mwenye akili zake anasimamaje kuongea na simu saa hiyo? Anaongea na nani ambaye hawezi kumkatia?

Kabla sijaandika nikaenda kwa mama mmoja jirani, yeye kazi yake ndo hiyo. Shikamoo mama, hivi wingu likitanda mnaanza kuokota zipi? Akasema, "Marahaba mwanangu. Zilizokaribia kukauka ndo unaziwahi, mbichi utazianika tena kesho Mungu akipenda." Nikaifungua picha nikaikuza, na kweli, zilizobaki chini bado zinang'aa ule weupe wa samaki aliyetoka majini asubuhi. Kumbe huyu mama hajapagawa hata kidogo, anafuata utaratibu wake, simu imemkuta katikati ya kazi! Hapo ndo nikaanza kumuona ni mtu, maana mpaka muda huo alikuwa picha tu.

Jambo lingine ambalo mtu wa huku hawezi kulisahau ni mwezi. Dagaa zinavuliwa usiku wa giza, taa ndo zinaziita, mbalamwezi ikishakuwa kubwa wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo nikaamua hizi ni dagaa za usiku wa mwisho kabla ya mapumziko, zikiharibika hakuna za kesho wala keshokutwa, na deni la kikoba lenyewe halingoji mwezi upungue.

Na anayepiga ni mteja wake wa Tabora. Nimemweka Tabora makusudi, angekuwa Mwanga hapa mjini angeliona wingu kwa macho yake. Huko aliko jua linawaka na anataka kupunguziwa bei, mama naye anajua akionyesha haraka tu ameliwa. Kipande hiki ndo nimekaa nacho mpaka usiku:

"Huku kwema baba, jua kali mpaka mchanga unachoma."
"Nipunguzie basi elfu tano kwa gunia."
"Bei ni ileile ya siku zote, baba yangu."

Radi ikapiga. Yule bwana akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo nini mama?"

Jibu la mama nimeliandika nikalifuta nikaliandika tena, mara gari la mchanga linamwaga, mara watoto wanapiga mabati, na yote yalimfanya awe mjanja wa kuchekesha wakati sitaki msomaji amcheke, nataka amwogopee. Mwisho nikamfanya asijibu. Anaibana simu kwa bega, anainama, mikono miwili inaendelea kukokota turubai, na mteja anasikia mchakacho wa dagaa kavu. Dagaa zilizokauka sawasawa zina sauti yake, na mnunuzi wa miaka mingi anaijua. "Haya," anasema, "nihesabie gunia ngapi?"

Rafiki yangu kasoma, anauliza mvua ilinyesha au haikunyesha. Mie naona stori imeisha pale bei iliposimama, hiyo mvua sijaiandika na sitaiandika.